Uzoefu kama Msaada na Kikwazo: Uchanganuzi Linganishi wa Kuhama kutoka Windows Forms hadi WPF

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanaprogramu aliyetumia kiunzi kimoja cha programu za kompyuta ya mezani kwa miaka mingi anavyojifunza kiunzi kingine. Mfano uliochaguliwa ni kuhama kutoka Windows Forms kwenda Windows Presentation Foundation, ambacho kwa kifupi huitwa WPF. Viunzi hivi viwili vilitolewa na kampuni moja, vinatumia lugha zilezile za programu, na vinaendeshwa katika mfumo uleule wa kompyuta. Uchanganuzi unaongozwa na Nadharia ya Uchanganuzi Linganishi, ambayo imetumika sana katika taaluma ya ujifunzaji wa lugha ya pili. Makala yanadai kwamba uzoefu humsaidia mwanaprogramu katika mambo yaliyo chini ya viunzi vyote viwili, na humkwamisha zaidi pale ambapo kiunzi kipya kinafanana kwa sura na kile cha zamani huku maana ikiwa imebadilika. Maeneo manne ya ukwamaji huo yanajadiliwa: umiliki wa hali ya data, mpangilio wa nafasi, uundaji wa vitu vinavyoonekana, na namna makosa yanavyojitokeza. Mwisho, makala yanapendekeza mpangilio wa ujifunzaji unaoanza na tofauti hizo badala ya kuanza na orodha ya vidhibiti.

1.0 Utangulizi

Kiunzi cha programu ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, pamoja na kanuni za kuutumia, ambao mwanaprogramu huujengea programu yake. Watafiti wanaoandika kwa Kiswahili wamelizoea neno hili katika istilahi "kiunzi cha nadharia", yaani mhimili unaoushikilia utafiti na kuupa umbo. Maana hiyo inafaa pia katika taaluma ya kompyuta. Kiunzi cha programu hakimpi mwanaprogramu vifaa tu. Humwamulia pia mahali pa kuweka kila kitu, wakati ambapo msimbo wake utaitwa, na mambo asiyotakiwa kuyaandika yeye mwenyewe. Hapo ndipo kinapotofautiana na maktaba ya msimbo. Maktaba huitwa na mwanaprogramu kila anapoihitaji, ilhali kiunzi ndicho kinachomwita mwanaprogramu.

Kwa sababu hiyo, kujifunza kiunzi kipya si sawa na kukariri orodha mpya ya amri. Ni kukubali mgawanyo mwingine wa kazi kati ya binadamu aliyeandika programu na msimbo alioukuta. Mwanaprogramu mgeni anaukubali mgawanyo huo bila shida kubwa kwa kuwa hana mwingine wa kuulinganisha nao. Mwanaprogramu mzoefu anao mgawanyo mwingine tayari, na amekuwa akilipwa mshahara kwa kuufahamu.

Swali linalojitokeza ni hili: je, miaka kumi ya kiunzi cha kwanza ni mtaji au ni deni? Kuna majibu mawili ya kawaida. La kwanza ni kwamba programu ni programu, na mzoefu anahitaji siku chache tu ili azoee majina mapya. La pili linafuata methali isemayo kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini, yaani ujuzi wa mahali pamoja hauna kazi mahali pengine. Makala haya yanaonesha kwamba majibu yote mawili yana upungufu. Jogoo huyo huwika, tena kwa sauti kubwa. Tatizo ni kwamba huwika kwa saa za shambani. Jambo la kuchunguza ni sehemu zipi za ujuzi wake zinabaki kuwa sahihi na zipi zinageuka kuwa chanzo cha hitilafu.

2.0 Usuli wa Viunzi Vinavyolinganishwa

Windows Forms ilitolewa mwaka 2002 pamoja na toleo la kwanza la .NET Framework. Ilirithi mtindo wa kazi uliokuwa umeenezwa na Visual Basic tangu mwaka 1991 na Delphi tangu mwaka 1995: mwanaprogramu hufungua fomu tupu, huburuta vitufe na visanduku vya maandishi na kuviweka anapotaka, kisha hubofya kitufe mara mbili ili aandike msimbo utakaotekelezwa kitufe hicho kikibonyezwa. Kwa ndani, vidhibiti vingi vya Windows Forms ni vifuniko vya vidhibiti vilivyomo katika mfumo wa Windows wenyewe.

WPF ilitolewa mwezi Novemba mwaka 2006 pamoja na .NET Framework 3.0. Haikujengwa juu ya vidhibiti hivyo vya zamani. Huchora yenyewe kila kinachoonekana ndani ya dirisha kwa kutumia DirectX, na mwonekano huelezwa kwa lugha ya lebo iitwayo XAML. Mtindo wa usanifu uliozoeleka katika kiunzi hiki, ambao hutenganisha modeli ya data, mwonekano na modeli ya mwonekano, ulielezwa na John Gossman wa Microsoft mwaka 2005. Mizizi ya utenganishaji huo ni ya zamani zaidi. Trygve Reenskaug alikuwa ameeleza utenganishaji wa modeli, mwonekano na kidhibiti alipokuwa Xerox PARC mwaka 1979.

Inafaa kusisitizwa kwamba WPF haikukiua kiunzi kilichotangulia. Mwaka 2018 misimbo ya viunzi vyote viwili ilifunguliwa kwa umma, na mwaka 2019 vyote viwili vilijumuishwa katika .NET Core 3.0. Kwa hiyo mzoefu wa Windows Forms halazimiki kuhama kwa sababu ya kufutwa kwa chombo chake. Akihama, huwa amevutwa na haja mahususi, mathalani skrini zenye msongamano tofauti wa pikseli au mwonekano unaobadilika kulingana na data. Haja hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza ajifunze nini kwanza.

3.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Uchanganuzi Linganishi ilipata umbo lake linalofahamika kupitia kazi ya Robert Lado ya mwaka 1957. Msingi wake ni kwamba mjifunzaji wa lugha ya pili huhamisha maumbo na maana za lugha yake ya kwanza kwenda katika lugha mpya. Panapofanana, uhamisho huo ni chanya na humsaidia. Panapotofautiana, uhamisho ni hasi na huzaa makosa. Kwa mtazamo huo, mtu anayezilinganisha lugha mbili kwa makini anaweza kutabiri ugumu kabla ya mjifunzaji kuingia darasani.

Utabiri huo ulipingwa baadaye. Mwaka 1970 Wardhaugh alitofautisha toleo kali la nadharia, linalodai kutabiri makosa, na toleo dhaifu, linaloyaeleza makosa yaliyokwisha kutokea. Mwaka huohuo Oller na Ziahosseiny walichunguza makosa ya tahajia ya Kiingereza miongoni mwa wajifunzaji wa kigeni. Matokeo yao yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi: wajifunzaji ambao lugha zao huandikwa kwa alfabeti ya Kirumi walikosea zaidi kuliko wale ambao lugha zao huandikwa kwa hati nyingine. Kufanana kwa hati kuliwafanya wa kwanza waendeleze mazoea yao pasipo kuyachunguza, ilhali tofauti iliyo wazi iliwalazimisha wa pili kuwa waangalifu. Toleo hili la wastani la nadharia ndilo linaloongoza makala haya.

Mfano mmoja wa kimsamiati unatosha kulifafanua. Mzungumzaji wa Kiarabu anayejifunza Kiswahili akikutana na neno "kitoweo" atauliza maana yake, kwa sababu halijui. Akikutana na neno "karamu", anaweza asiulize, kwani kwa Kiarabu neno la asili hiyo humaanisha ukarimu. Atakosea katika neno la pili, wala si katika la kwanza. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hiyo marafiki wa uongo. Katika sehemu inayofuata itaoneshwa kwamba kiunzi cha programu nacho kina marafiki wa uongo, na kwamba hao ndio wanaomgharimu mzoefu muda mwingi zaidi.

4.0 Uchanganuzi

Mifano yote katika sehemu hii imejengwa juu ya programu moja ya kubuni: daftari la ada la shule, ambalo mhasibu hulitumia kuandika malipo ya wanafunzi na kuchapisha risiti.

4.1 Uhamisho chanya: yaliyo chini ya viunzi

Yapo mambo ambayo mzoefu huhama nayo bila hasara. La kwanza ni kitanzi cha matukio. Katika viunzi vyote viwili programu husubiri tukio, hulishughulikia, kisha hurudi kusubiri. Mzoefu anayefahamu kwamba kazi ndefu ndani ya tukio moja hugandisha dirisha zima hana haja ya kufundishwa upya.

La pili ni kanuni ya uzi mmoja. Katika Windows Forms, vidhibiti huguswa na uzi uliovianzisha tu. Uzi mwingine ukitaka kubadilisha kidhibiti lazima uombe kupitia njia maalumu. WPF ina kanuni hiyohiyo, ingawa njia ya kuomba imebadilishwa jina. La tatu ni tabia ya kumbukumbu. Kitu kinachoishi muda mrefu kikishikilia orodha ya wasikilizaji wa matukio yake, wasikilizaji hao hawaondolewi katika kumbukumbu hata kama madirisha yao yamefungwa. Hitilafu hiyo ni ileile pande zote mbili, na mzoefu aliyewahi kuitafuta kwa siku tatu ataitambua kwa dakika chache.

Haya yote si sifa za Windows Forms. Ni sifa za mfumo wa uendeshaji, za lugha ya programu, na za kompyuta yenyewe. Mzoefu alijifunza mambo hayo kupitia kiunzi, na mara nyingi anadhani ni sehemu ya kiunzi hicho, lakini yalikuwepo chini yake muda wote.

4.2 Umiliki wa hali ya data

Katika mazoea ya Windows Forms, kisanduku cha maandishi ndicho kinachomiliki kilichoandikwa. Mhasibu akiandika shilingi 150,000 na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, msimbo huenda kwenye kisanduku, husoma maandishi yake ya wakati huohuo, huyageuza kuwa namba, kisha huyapeleka kwenye hifadhidata. Windows Forms nayo ina njia ya kufungamanisha kisanduku na data, lakini wanaprogramu wengi wamezoea kusoma kisanduku moja kwa moja.

WPF nayo ina kisanduku cha maandishi chenye jina lilelile na sifa yenye jina lilelile. Hata hivyo, katika mtindo unaopendekezwa, kisanduku si mmiliki. Mmiliki ni modeli ya mwonekano, yaani kitu cha data kisichojua chochote kuhusu visanduku. Kisanduku hufungamanishwa nacho, na thamani husafiri kati yao kwa utaratibu wa kiunzi. Hapa ndipo rafiki wa uongo anapojitokeza. Kwa kawaida WPF haipeleki maandishi ya kisanduku kwenye data kila herufi inapoandikwa. Huyapeleka pale kisanduku kinapoachwa, yaani mtumiaji anapohamia kidhibiti kingine.

Mzoefu akijaribu fomu yake kwa kubofya kitufe cha kawaida kwa kipanya, kila kitu huenda sawa, kwa sababu kubofya huko hukiacha kisanduku. Lakini mhasibu anayeandika haraka hubonyeza Ctrl na S bila kuondoka kwenye kisanduku. Thamani mpya haijasafiri bado. Inayohifadhiwa ni ya zamani. Hitilafu hiyohiyo inaweza kutokea kitufe kikiwa kwenye upau wa zana, kwa kuwa WPF huuchukulia upau huo kama eneo lenye hesabu yake ya mahali mtumiaji alipo. Mbele ya macho ya mhasibu kuna 150,000, katika hifadhidata kuna kiasi kingine, na risiti inayochapishwa inafuata hifadhidata. Mzazi aliyelipa anaondoka na karatasi isiyo sahihi.

Dawa yake ni neno moja linaloongezwa katika XAML ili thamani isafiri kila inapobadilika. Ugumu hauko katika dawa. Uko katika kutambua kwamba kuna safari, kwani katika taswira ya zamani hapakuwa na safari yoyote: kisanduku kilikuwa ndicho data.

Safari ya upande wa pili nayo ina sharti lake. Msimbo ukibadilisha thamani katika modeli ya mwonekano, skrini haitabadilika mpaka modeli itangaze badiliko hilo kupitia kiolesura kiitwacho INotifyPropertyChanged. Mzoefu asiyelijua sharti hilo huona thamani ya kwanza ikioneshwa vizuri, kisha ikabaki hivyo. Mara nyingi hurudi kwenye njia aliyoizoea: hukipa kisanduku jina na kukiandikia thamani moja kwa moja kutoka katika msimbo. Programu inafanya kazi, lakini sasa ina wamiliki wawili wa jambo moja, na siku wakitofautiana hapatakuwa na wa kuwaamua.

4.3 Mpangilio wa nafasi

Fomu ya Windows Forms kwa kawaida husanifiwa kwa viwianishi: kitufe kiko pikseli kadhaa kutoka kushoto na kadhaa kutoka juu. Paneli za kupanga vidhibiti kwa mtiririko au kwa jedwali ziliongezwa mwaka 2005, lakini tabia ya msingi ya kuburuta na kuweka ilibaki. Katika WPF, nafasi ni matokeo ya mazungumzo ya hatua mbili. Kwanza mzazi humwuliza kila mtoto anahitaji nafasi kiasi gani. Kisha mzazi humpangia kila mtoto nafasi atakayopata. Vipimo vyenyewe si pikseli za skrini bali ni vipande vya 1/96 ya inchi.

Faida ya mabadiliko haya huonekana haraka katika programu ya Kiswahili. Kitufe kilichosanifiwa kwa neno la Kiingereza lenye herufi 4, "Save", kinapaswa kubeba "Hifadhi" lenye herufi 7. Kwa viwianishi, neno refu hukatwa au kitufe hukigonga kitufe jirani. Kwa mazungumzo ya hatua mbili, kitufe huomba nafasi kubwa zaidi na jirani zake husogea.

Rafiki wa uongo hapa ni paneli iitwayo StackPanel. Mzoefu huiona kama kikapu cha kupanga vitu kutoka juu kwenda chini, na ndivyo ilivyo. Asichokiona ni jibu ambalo paneli hiyo humpa mtoto wake katika hatua ya kwanza: nafasi ya kwenda chini haina mwisho. Orodha ya wanafunzi ikiwekwa ndani yake hujitanua kadiri ya idadi ya wanafunzi, hupita ukingo wa dirisha, na upau wa kusogeza hautokei, kwa kuwa orodha imeambiwa kwamba nafasi inatosha. Mzoefu hujaribu kuirekebisha orodha, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa na kasoro. Kasoro iko kwa mzazi. Katika taswira ya viwianishi, swali la "mzazi amesema nini" halipo kabisa, na mtu hawezi kutafuta jibu la swali asilokuwa nalo.

4.4 Uundaji wa vitu vinavyoonekana

Tuseme shule inataka wanafunzi wenye madeni waonekane kwa rangi nyekundu. Katika jedwali la Windows Forms, msimbo huzunguka mstari mmoja baada ya mwingine, huangalia deni, na kuupaka rangi mstari unaohusika. Mistari ipo yote, na kila mmoja unaweza kuguswa.

Mzoefu akihamishia mzunguko huo katika orodha ya WPF, hukutana na jambo la ajabu. Mistari michache ya juu hupakwa rangi. Kwa mingine, msimbo hupata jibu kwamba hakuna kitu. Sababu ni kwamba WPF haiumbi mistari yote. Ikiwa shule ina wanafunzi 2,000 na skrini inaonesha 25, kiunzi huumba mistari inayoonekana na huahirisha mingine mpaka mtumiaji asogeze orodha. Pale ambapo mstari uliotoka nje ya skrini hutumiwa tena kumbeba mwanafunzi mwingine, rangi nyekundu iliyopakwa kwa mkono huenda pamoja na mstari. Mwanafunzi aliyemaliza ada huonekana kuwa na deni.

Suluhisho la WPF ni kutopaka rangi. Mwanaprogramu huandika katika kiolezo kanuni kwamba mstari wa mwanafunzi mwenye deni una rangi nyekundu, kisha huiacha kanuni hiyo itekelezwe na kiunzi kila mstari unapoumbwa au kutumiwa tena. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana katika idadi ya mistari ya msimbo. Njia ya kwanza ni kutenda. Ya pili ni kutoa tamko. Mzoefu wa kutenda hujihisi amenyang'anywa usukani, na hisia hiyo ina msingi: hatua aliyokuwa akiitawala sasa inatawaliwa na kiunzi. Anachopata badala yake ni uhakika kwamba kanuni haitasahauliwa mahali popote.

Suala la upatanisho wa kisarufi linaangukia hapahapa. Programu nyingi hutengeneza ujumbe kwa kuunganisha namba na kipande cha sentensi kisichobadilika. Kiswahili hakikubali njia hiyo. "Risiti 1 imechapishwa" hugeuka kuwa "Risiti 2 zimechapishwa", ambapo nomino haibadiliki lakini kitenzi hubadilika. "Mwanafunzi 1 amelipa" hugeuka kuwa "Wanafunzi 2 wamelipa", ambapo vyote viwili hubadilika. Kiolezo cha WPF kinaruhusu kuunganisha namba na maandishi, na hivyo humvuta mwanaprogramu kuendeleza mazoea yaleyale. Mahali panapofaa pa kuunda sentensi nzima ni katika modeli ya mwonekano, ambako idadi na ngeli vyote vinajulikana. Hapa tena swali si la amri gani itumike, bali la nani apewe jukumu.

4.5 Namna makosa yanavyojitokeza

Mzoefu hutegemea dalili. Katika Windows Forms, akikosea jina la sifa katika msimbo, kompaila hukataa. Akigusa kitu kisichokuwepo, programu husimama na kumwonesha mstari wenye tatizo. Kwa miaka mingi amejifunza kusoma dalili hizo, na amejifunza pia kwamba pasipo na dalili hapana ugonjwa.

Katika WPF, akikosea jina la sifa ndani ya ufungamanishaji wa kawaida, kompaila hukubali, programu huanza, na kisanduku huonekana kitupu. Taarifa ya kosa huandikwa katika dirisha la matokeo la chombo cha uandishi wa msimbo, katikati ya taarifa nyingine nyingi. Mwanaprogramu asiyejua mahali pa kutazama hulichukulia pengo hilo kama ukosefu wa data, na huenda kuikagua hifadhidata isiyo na kosa.

Hili ndilo eneo ambalo mgeni na mzoefu hutofautiana zaidi. Mgeni huona kisanduku kitupu na hushuku kila kitu, ukiwemo uandishi wake. Mzoefu ana mpangilio wa kushuku uliojengwa kwa miaka, na mpangilio huo humpeleka mbali na chanzo kwa kujiamini.

5.0 Ugandaji na Mipaka ya Ulinganisho

Selinker (1972) alieleza kwamba mjifunzaji wa lugha ya pili hujenga mfumo wa kati, ambao si lugha yake ya kwanza wala si lugha anayoilenga, na kwamba baadhi ya maumbo ya mfumo huo huganda yasibadilike tena. Ugandaji huo unaonekana pia katika programu. Dalili yake ni programu ya WPF ambayo kila kisanduku kina jina, kila kitufe kina msimbo wake nyuma ya fomu, vipimo vyote vimeandikwa kwa namba zisizobadilika, na hakuna ufungamanishaji hata mmoja. Programu hiyo inafanya kazi. Kwa kweli ni programu ya Windows Forms iliyoandikwa kwa maneno ya WPF. Hubeba gharama za kiunzi kipya bila kupata manufaa yake, na kwa kuwa inafanya kazi, mwandishi wake hana sababu ya kuibadilisha.

Hata hivyo, ulinganisho kati ya lugha na kiunzi una mipaka. Msikilizaji binadamu humwelewa anayekosea na mara nyingi humsamehe. Kompyuta hutekeleza kilichoandikwa. Lugha ya binadamu haikusanifiwa na kamati moja, ilhali kiunzi kina wasanifu, nyaraka, na katika mfano huu msimbo wenyewe umefunguliwa kwa umma. Mjifunzaji anayetaka kujua kwa nini StackPanel hujibu kama inavyojibu anaweza kwenda kusoma. Mjifunzaji wa Kiswahili anayeuliza kwa nini ngeli ni nyingi hana mahali pa kwenda kusoma uamuzi huo. Kwa hiyo ugandaji wa mwanaprogramu unaweza kuzuilika zaidi kuliko ule wa mzungumzaji, mradi ajue wapi pa kutilia shaka.

6.0 Athari kwa Ujifunzaji na Ufundishaji

Vitabu na mafunzo mengi ya viunzi hupangwa kwa vidhibiti: kitufe, kisanduku, orodha, jedwali. Mpangilio huo unamfaa mgeni. Kwa mzoefu una madhara, kwa sababu humwonesha kwanza yale yanayofanana na anayoyajua, na humthibitishia kwamba hakuna jipya. Kutokana na uchanganuzi uliotangulia, ujifunzaji wa mzoefu unapaswa kuongozwa na maswali matatu kabla ya kugusa kidhibiti chochote. Nani anamiliki hali ya data, na inasafiri lini? Nani anaamua nafasi, na kwa mazungumzo gani? Nani anaumba kinachoonekana, na lini anakiharibu? Swali la nne hufuata: makosa ya kila eneo hutangazwa wapi?

Zoezi la kwanza pia linapaswa kuchaguliwa kwa tofauti. Fomu yenye visanduku vitatu na kitufe kimoja ni zoezi baya kwa mzoefu, kwani ataimaliza kwa njia ya zamani katika muda wa nusu saa na kuridhika. Orodha ndefu yenye mistari inayobadilika rangi kulingana na data ni zoezi zuri, kwa sababu njia ya zamani hushindwa waziwazi mbele yake. Kushindwa huko mapema, katika zoezi, kuna gharama ndogo kuliko kushindwa baadaye mbele ya mhasibu na mzazi.

Kwa wanaopanga kazi katika ofisi na vyuo, athari ni kwamba muda wa mzoefu kuhama hauwezi kukadiriwa kwa miaka aliyofanya kazi peke yake. Kinachopaswa kuulizwa ni kiasi gani cha ujuzi wake kiko chini ya kiunzi na kiasi gani ni mazoea ya kiunzi chenyewe. Watu wawili wenye miaka ileile wanaweza kutofautiana sana katika hilo. Aliyewahi kuhama mara moja kabla, kwa mfano kutoka Delphi kwenda Windows Forms, si lazima awe na nafuu: viunzi hivyo viwili viko katika ukoo mmoja, na kuhama baina yake kunaweza kumthibitishia kwamba viunzi vyote ni vya ukoo huo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kuhama kutoka Windows Forms hadi WPF kwa mkabala wa Uchanganuzi Linganishi katika toleo lake la wastani. Imeoneshwa kwamba kitanzi cha matukio, kanuni ya uzi mmoja na tabia ya kumbukumbu huhamishika, kwa sababu si mali ya kiunzi chochote. Imeoneshwa pia kwamba ukwamaji mkubwa hutokea katika majina yaliyobaki yaleyale huku mgawanyo wa kazi nyuma yake ukiwa umebadilika: kisanduku kisichomiliki tena maandishi yake, paneli inayoahidi nafasi isiyo na mwisho, mstari usiokuwepo mpaka uonekane, na kosa lisilotangazwa mahali pa kawaida. Hivyo uzoefu si mtaji mtupu wala si deni tupu. Thamani yake hutegemea uwezo wa mzoefu kutenganisha alichojua kuhusu kompyuta na alichozoea kwa sababu kiunzi chake cha kwanza kilikitaka.

Kipimo cha kwamba amejifunza hakipatikani katika idadi ya amri mpya anazozifahamu. Kinapatikana katika msimbo ambao ameacha kuuandika: mzunguko wa kupaka rangi mistari, amri za kukiandikia kisanduku thamani, na viwianishi vya kila kitufe. Daftari la ada ambalo kwa kila malipo lina mmiliki mmoja wa thamani, na ambalo risiti yake hulingana na kilichoandikwa mbele ya macho ya mhasibu, ni ushahidi ulio wazi zaidi kuliko cheti cha mafunzo.